Uji Uliokunywa Mlangoni

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, jua linaelekea kuchwa

Mwanangu Nyamizi,

Ninapoandika hapa wewe umekwenda Kwihara kumuaga shangazi yako, na ukirudi utanikuta nashona kana kwamba sikushika kalamu. Usiudhike kwamba mambo haya sikukuambia kwa mdomo. Unanijua. Nikianza kusema jambo lenye uzito, kabla sijafika katikati nimeshaanza kugomba, na sitaki kesho nikugombeze stesheni mbele ya wasafiri. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku, ndani ya ile kanga ya maua mekundu. Ukishapita Isaka, na kama mama atakayekaa karibu nawe amemaliza kukuhoji ukoo wako wote, isome.

Habari za blanketi, za taa, za kutomwachia mtu usiyemjua sanduku lako, umezisikia mpaka umechoka. Sizirudii. Nataka kukuandikia habari za uji. Najua umecheka hapo. Cheka, lakini usiikunje barua, kwa sababu tangu daktari alipokurudisha nyumbani mwaka jana sijakueleza hata mara moja nilikuwa nafikiri nini, wala sijakushukuru.

Nianzie pale benchini, hospitali. Unakumbuka jinsi nilivyovaa, kama anayepimwa ni mimi. Wasichana wa kupelekwa Mwanza kusomea unesi walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wanatoka wanacheka. Ulipoingia wewe mlango ulibaki wazi, nikaona yote. Daktari, yule bibi wa Kizungu mwenye kusema Kiswahili cha polepole, alikuvuta kope ya chini akatazama, akakutazama kucha, akakupandisha kwenye mizani. Kisha akakuuliza unakula nini asubuhi.

"Chai ya sukari na mkate mweupe," ukajibu, kidevu juu.

Mimi huku nje nikatabasamu. Nilitazama kushoto na kulia kuona kama akina mama wenzangu wamesikia. Daktari akauliza na mchana je, ukasema ugali wa sembe nyeupe. Akauliza na mboga, ukasema mchuzi. Akaniita niingie.

"Mama, mtoto huyu damu yake ni kidogo sana," akaniambia. "Kazi ya muuguzi ni kusimama. Huyu nikimpeleka sasa, wenzake watamuuguza yeye. Mwaka ujao nitampima tena. Akiwa hivi hivi, nafasi nitampa mwingine."

Akakupa dawa ya minyoo na vidonge vya damu, basi. Njiani kurudi hukusema neno, mimi nikasema ya kutosha watu wawili. Nilisema daktari yule ana roho mbaya. Nilisema anatuonea wivu kwa mkate. Fikiria, mwanangu, Mzungu atuonee wivu kwa mkate! Wewe ulikuwa unatembea unashika kiuno na kupumzika kila penye kivuli, na mimi nilikuwa sioni, maana nilikuwa nagomba.

Mkate ule ulitoka wapi unajua. Baba yako ni mpishi wa yule Mzungu, Bwana Misitu, tangu hujazaliwa, na kila jioni alirudi na ncha za mkate zimefungwa kwenye kitambaa. Watoto wa majirani asubuhi walikunywa uji wa uwele, mweusi, mzito, wakaenda shule na alama zake mdomoni. Wangu alikula mkate. Nilikutoa nje kwa makusudi ukaulie pale watakapokuona. Sikukuambia kamwe kwa nini, nikuambie leo.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka Pwani na kurudi, enzi za misafara, na alipozeeka bega lake moja lilikuwa limeshuka chini ya lingine. Safarini alikuwa na kifuko chake cha unga wa uwele uliokaangwa, akiukoroga kwa maji baridi na kunywa kabla hawajajitwika. Hakuacha desturi hiyo hata alipokuwa hana tena pa kwenda. Sisi watoto wake tulikua na uji huo. Nilipopelekwa shule ya misheni, watoto wa makarani walikuwa wananiuliza, "Leo baba yako anasafiri na mzigo gani?" wakinionyesha mdomo wangu. Nilijifuta kwa mkono mpaka ngozi ikauma. Nikaapa kwamba nikipata mtoto, uji hautapita mlangoni kwangu.

Basi, jioni ile tuliyorudi hospitali, baba yako alikaa akavua viatu, akanisikiliza nikimsema daktari mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Bwana anazunguka msituni tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, anahesabu miti. Wanaomfuata ni vijana, na wanachoka kabla yake. Huyo mtu hanyanyuki mezani bila poriji."

"Poriji ni nini?" nikamuuliza.

"Uji."

"Na mkate?"

"Anakula kipande kimoja. Uliobaki ndio mnaokula ninyi."

Nilikasirika usiku huo, sikumwandalia maji ya kuoga. Lakini neno lilikuwa limeingia. Miaka yote ile mimi nilikuwa nakupa kile alichoacha Bwana, nikidhani ndicho kinachompa nguvu.

Punde Bwana Misitu akaenda kwao kwa livu, yaani likizo, na alipokuwa anafunga mizigo baba yako akamwomba makopo yaliyobaki stoo. Akapewa mawili. Ndani mlikuwa na oti, nafaka ya kwao, imebanwa ikawa bapa, nyepesi kama maganda ya karanga. Baba yako aliyaweka mezani asubuhi, akaniambia mpikie mtoto, akaenda zake.

Sasa mimi, mwanamke wa Kinyamwezi niliyefundishwa na mama yangu, nafaka yoyote ikiingia mikononi mwangu naijua kazi yake. Nilitoa kinu. Nikatwanga. Nikachekecha, nikachekecha tena, maana nilitaka unga mweupe wa heshima, si mambo ya ovyo ovyo. Pumba zilikuwa nyingi nikashangaa, nikawaza Wazungu hawa hawajui kukoboa. Nikawamwagia kuku. Unga uliobaki ulikuwa kiganja kimoja, nao nikaupika ukawa gundi. Wewe ulikuwa umesimama pale ukiniangalia, na ukaniambia, "Mama, harufu nzuri wamekula kuku." Nikakufukuza jikoni.

Baba yako aliporudi akatafuta kopo la kwanza, akaliona tupu. Nikamweleza kwa fahari nilivyolisafisha. Alishika kichwa. "Mke wangu, hilo ulilomwaga ndilo chakula lenyewe! Halitwangwi, halichekechwi. Linaliwa zima!" Kwa wiki nzima baadaye, kila kuku akitaga, alinyoosha yai juu na kusema, "Huyu atapita kwa daktari." Nilimchukia, na sasa hivi nacheka peke yangu hapa.

Lakini nataka ukumbuke asubuhi iliyofuata, kwa sababu wewe ulikuwa bado kitandani na hukuiona. Wewe unamjua baba yako kama mpishi. Mimi nimeolewa naye miaka yote hii, na sikuwahi kumwona akishika mwiko ndani ya nyumba yetu. Kupika kwa Bwana ni kazi, amevaa kanzu nyeupe, analipwa. Kuchuchumaa kwenye mafiga ya mkewe ni jambo jingine kabisa, na wanaume wenzake wangemwimba mpaka sokoni. Siku ile alinitangulia kuamka. Nilimkuta amechuchumaa mlangoni pa jiko, suruali ameikunja, anachochea kuni, anakoroga sufuria polepole kwa upande mmoja. Alitia chumvi kidogo. Maziwa aliomba kwa jirani mwenyewe, kwa mguu wake. Karanga alizitwanga mwenyewe! Mwishoni akamimina asali juu, ile ya msituni aliyoletewa na vijana wanaomfuata Bwana.

"Nenda kaendelee kulala," akaniambia bila kugeuka. "Huyu ni mtoto wangu pia."

Sikulala. Nilisimama nyuma ya mlango nikamtazama mgongo wake. Nyamizi, nimeombewa mengi kanisani na nimeimbiwa mengi siku ya arusi yangu, lakini sikumbuki kitu kilichonigusa kama mgongo ule. Ukimwandikia barua kutoka Mwanza, usimwambie kwamba najua alilia kidogo. Atasema ni moshi.

Wewe nawe hukuturahisishia kazi. Ulionja ukakunja uso. "Unateleza kama mlenda!" Nikakuuliza mlenda unaufanyaje. Ukasema unaupenda. Nikakuambia basi fumba macho, useme ni mlenda wenye asali. Ukanywa. Kesho yake ukanywa tena. Siku za mwanzo ulikuwa unakaa mlangoni penye jua kwa sababu ndani ulikuwa unasikia baridi, bakuli mikononi, na njia nzima ilikuwa inakuona.

Hapo ndipo yalipotufika. Huku kwetu nani asiyejua? Mtu mzima mwenye afya zake hanywi uji asubuhi. Uji ni wa mtoto, wa mgonjwa, na wa mzazi aliyetoka kujifungua. Watu waliona safari yako ya Mwanza imekatika ghafla, hutoki, huendi kisimani, unakunywa uji mlangoni kila kunapokucha, na baba yako anaukoroga kwa mikono yake. Wakapiga hesabu yao.

Siku Mama Kalunde alipobisha hodi, nilikuwa naosha vyombo. "Mwangaluka!" akaita, nikamwitikia, akaingia na kikapu cha unga kichwani, akakitua taratibu, akanong'ona, "Hongereni. Nimekuja kumwona mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mtoto, mama Nyamizi. Usinifiche, sisi ni majirani."

"Mtoto wa nani, Mama Kalunde? Sema vizuri."

"Jamani, mimi sikuja kwa ubaya. Safari ya msichana imekatika ghafla, asubuhi uji, na baba mtu anapika mwenyewe! Tukasema basi, limewafika, na mtu hamtupi mwenzake. Nikamletea unga wa uwele, mzazi apate nguvu."

Nilisimama na ile sufuria yenye maji machafu, na Mungu ananijua, ilikuwa inaelekea kwake. Ndipo ulipotoka ndani. Ulipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, macho yakikushuka tumboni.

"Mtoto mwenyewe ni mimi," ukamwambia. "Ndimi ninayelelewa upya. Karibu uji."

Mama Kalunde alikutazama, akanitazama, akakaa chini pale pale vumbini akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Alipoondoka nilikuambia kwa ukali kwamba tangu kesho utakunywa ndani, mlango umefungwa, nisije nikaaibika kanisani. Nakumbuka ulivyonijibu huku unalamba kijiko. "Mama, nikianza kunywa ndani kesho, watasema mtoto anaumwa."

Ulikwenda kukaa mlangoni kesho yake, na keshokutwa, miguu umeinyoosha, ukawaamkia wote waliopita. Wengine waliitikia kwa kuguna. Baadaye walianza kusimama na kukuuliza hali. Mimi niliyejifuta mdomo shuleni mpaka ukauma, nilikaa ndani nikakusikiliza unavyowaambia, "Daktari kasema sina damu, naitafuta." Sijui ujasiri huo uliutoa kwa nani. Kwangu hukuutoa.

Kisha kopo la pili likaisha. Nilikwenda madukani, nikaambiwa vitu hivyo huletwa kwa kuagizwa na Wazungu wenyewe, na Bwana Misitu alikuwa bado kwao. Nilirudi nikakaa jikoni na kopo tupu mapajani. Mashavu yako ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kujaa, na ulikuwa unafika kisimani bila kupumzika. Niliamini nguvu yote imo ndani ya makopo ya Ulaya, nayo imekwisha, na daktari atakurudisha tena, na safari hii nafasi itakwenda kwa mwingine. Ukaingia, ukaniona, ukaelewa. Ukaelekeza kidole kwenye kona, kwenye kikapu cha Mama Kalunde, ambacho sikukigusa kwa sababu ya maringo yangu.

"Unga upo, mama."

Nilikifungua. Harufu ya uwele ilinirudishia yote, bega la baba yangu, kifuko chake, sauti ya mchi wa mama yangu alfajiri. Nilishika ungo kwa mazoea, nikaurudisha ulipokuwa. Sikuchekecha kitu. Maji sikuyapima, mikono ilikuwa inajua yenyewe. Nikatia karanga, nikatia maziwa, maana tangu siku ile ya kicheko Mama Kalunde alikuwa anatuletea kibuyu kila asubuhi, sijui kwa wema au kwa kujutia. Baba yako alipoonja akasema Bwana akirudi atamwandalia huo, na akimwuliza umetoka wapi atamwambia umetoka kwa mkwewe mpagazi.

Nilitoka nyuma ya nyumba nikamshukuru baba yangu, aliyekwisha lala kaburini, kwa sauti, kama kichaa. Nilikuwa sijamshukuru kwa uji ule hata siku moja alipokuwa hai. Unisamehe kama nakuandikia kwa machozi. Ni furaha zaidi kuliko huzuni.

Tukaendelea hivyo mpaka mavuno yakaingia. Uji asubuhi, maharagwe na mlenda mchana, ugali wa mtama wenye pumba zake, maembe yalipoiva, na vidonge vya hospitali ulivimeza vyote, nisije nikaipa sufuria sifa zote. Chai ulikunywa ulipotaka. Kule Mwanza, nakuomba jambo moja tu. Kama bwenini wanapika mkate na chai, kula, usije ukageuka mwenye maringo ya uji. Nimeonja maringo ya mkate na najua yanavyomlisha mtu njaa. Lakini wakikuuliza unapenda nini, sema bila kutazama chini.

Siku ya kupimwa ulisema hivyo. Daktari alikuvuta kope, akatazama, akatazama ya pili. Mizani ikapanda. Akakuuliza, "Ulikuwa unakula nini?" Nawe ukajibu kwa sauti ya kufika mpaka benchini, "Uji wa uwele usiochekechwa." Wale akina mama wakacheka. Daktari hakucheka. Aliandika, akasema, "Utakwenda." Nilipiga vigelegele, na mhudumu akatoka mbio kuninyamazisha kwamba kuna wagonjwa.

Tulirudi kwa miguu. Safari hii wewe ndiye uliyekuwa unasema, na mimi nilikuwa kimya, ukadhani nimechoka. Sikuchoka, mwanangu.

Kuna asubuhi moja, kabla ya kupimwa, sijakuambia. Ulikuwa unachota maji, unaimba, shingo yako imejaa, mkono umekamata ndoo imara. Nilikuona nikajua utapita. Nikaona moyoni kitanda chako kitupu. Nikamwona baba yako na mimi tumekaa, kila mtu na bakuli lake. Nikarudi jikoni nikatia maji kwenye sufuria, mengi, uji ukawa mwepesi kama wa kuoshea mikono. Nilikumiminia huo, nikatembea nao mpaka mlangoni. Ulikuwa umekaa unaningoja, umenyoosha mikono yote miwili.

Nikasema nimesahau chumvi. Nikarudi, nikaumwaga, nikapika mwingine.

Kila bakuli nililokupa mwaka huu lilikuwa linakuondoa kwangu, na nilijua hivyo, na nililijaza. Asante kwa kulimaliza kila siku.

Ni mimi, mama yako.